Shule kwanza, nyumba baadaye

Mwanajeshi wa Marekani anayehamishiwa San Antonio, Texas, asikimbilie kulipia nyumba kabla ya kuulizia shule. Kwa kawaida anwani ndiyo huamua mtoto ataandikishwa wapi. Kambi za kijeshi za Fort Sam Houston, Lackland na Randolph kila moja ina wilaya yake ya shule ndani. Anayepanga uraiani huangukia wilaya nyingine kabisa.

Afisa uhusiano wa shule, aliyeko kambini, husaidia bure. Atafutwe mapema.

Majimbo yote 50 yamejiunga na mkataba wa kuwalinda watoto wa wanajeshi wanaohama. Mzazi akifika na nakala za matokeo mkononi, mtoto huanza masomo huku kumbukumbu rasmi zikifuata, na chanjo zilizopungua hupewa siku 30. Anayehama mwaka wa mwisho wa sekondari, mzigo mzito kwa kijana yeyote, aweza hata kutunukiwa cheti na shule aliyotoka.