Karatasi Kabla ya Sufuria
(Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya akina mama wa mapishi)



Leo kikundi chetu kinatimiza miaka kumi. Habari za hisa na mikopo mtaelezwa na Mweka Hazina. Sisi wa mapishi tumepewa zamu ya kusema juu ya jambo ambalo nusura litutawanye: mteja kuvunja mkataba.

Wengi mnakumbuka mwaka 2019. Mwenzetu mmoja alituletea kazi nzuri: chakula cha mchana cha semina hapa Morogoro, watu 150, siku tatu, sahani shilingi 4,000. Jumla 1,800,000! Tulifurahi mno. Makubaliano yalikuwa ya mdomo, wala advansi hatukudai, kwa kuona aibu. Tukakopa shilingi 600,000 kutoka mfuko wetu, tukanunua mchele, nyama, mafuta na mkaa, tukakodi masufuria na kuwapa vijana wa kubeba maji chao.

Saa kumi na mbili jioni, kesho yake ndiyo semina, simu ikalia. "Akina mama, samahani, tumehamia ukumbi wenye jiko lake." Basi. Nyama kilo 30 iko kwenye beseni.

Usiku ule tulilia, lakini hatukulala. Mkaa ambao haujatumika tuliurudisha, vijana tukawaambia wasije. Kulipokucha tulipika pilau tukauza stendi na mitaani, mchele uliobaki tukampa mwenye duka kwa bei ya hasara. Tulipata 340,000. Pengo likawa 260,000, nazo ni fedha za wanachama wote.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mwenzetu aliyeleta kazi akanyooshewa kidole, hata akataka kujitoa. Jamani, tusifichane: tulimwonea. Fedha tulizitoa sote bila hata mmoja kuuliza karatasi iko wapi. Leo, mbele ya wageni, tunamwomba radhi tena.

Baadaye tulikwenda kuuliza wanaojua sheria. Tuliyojifunza ni haya.

Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, kazi ni kuyathibitisha. Kilichotusaidia ni daftari la manunuzi, risiti, na ujumbe wa simu ambao mteja alitaja idadi ya watu na bei. Wahenga hawakukosea: mali bila daftari hupotea bila habari.

La pili, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inampa aliyevunjiwa mkataba haki ya kudai fidia ya hasara iliyotokana na kuvunjwa huko. Lakini sheria hiyo hiyo hutazama kama ulikuwa na njia ya kupunguza hasara. Ukiiacha nyama ioze ili udai zaidi, umejiumiza mwenyewe. Kumbe pilau letu la stendi halikuharibu madai yetu, bali liliyapa nguvu.

Tuliandika barua: tulichokubaliana, tarehe aliyovunja, tulichotumia, tulichookoa, tunachodai, na siku 14 za kujibu. Nakala moja tulibaki nayo, ikiwa na sahihi ya aliyeipokea. Mara ya kwanza tulijibiwa kwamba aliyetuagiza hakuwa na mamlaka. Hatukugombana. Tulirudi na daftari letu, mara ya pili na ya tatu. Mwisho walitulipa 150,000. Zilizobaki, 110,000, tuligawana mzigo kikundi kizima, na mwenzetu hakujitoa. Kama wangekataa kabisa, tungekwenda Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza madai ya madeni ya mikataba, na kwa Kiswahili chetu hiki hiki.

Tangu hapo tuna taratibu ambazo tunaomba kila mwanachama azishike, awe mpishi, fundi cherehani au msusi wa maharusi:

1. Hakuna mkopo wa kazi kabla kamati haijaona karatasi. Iandikwe kazi, idadi, bei, siku ya malipo, na sahihi ya mwenye mamlaka. Kama ni ofisi, na muhuri.

2. Advansi itoshe kununulia vitu vya mwanzo. Mteja asiyetoa hata senti, nasi hatuwashi jiko.

3. Iandikwe pia atakayeahirisha ghafla atalipa nini. Kiasi kiwe cha haki, maana kwa kifungu cha 74 mahakama hutoa fidia inayofaa isiyozidi kiasi mlichoandika. Kuandika mamilioni ya kutisha hakusaidii.

4. Kazi ya siku nyingi ilipwe kwa awamu. Siku ya kwanza isipolipwa, ya pili tunasimama kwanza.

5. Mteja akivunja, acha kutumia fedha saa ile ile, okoa kinachookoleka, andika, ndipo udai. Matusi hayalipi deni.

Ndugu wageni, nanyi mnaotupa kazi, msione tunawashuku tukitoa karatasi. Inawalinda nanyi pia, siku sisi tukichelewesha chakula.

Akina mama wenzetu, aibu ya kudai karatasi ni ya dakika moja. Aibu ya kuwaeleza wenzako kuwa fedha zao zimepotea, sisi tumeionja. Hatutaki mwingine aionje.