Safari Ndefu ya Wastaafu

Leo nataka kuongea na ninyi mliostaafu, mume na mke, mnaojiandaa kusafiri mbali kwa gari lenu wenyewe. Watoto wameshajitegemea, shamba lina mtu wa kuliangalia, na kwa miaka mingi mmekuwa mkiahidiana kwamba mkipata nafasi mtakwenda kuiona bahari pamoja. Sasa nafasi mnayo. Kule Marekani wastaafu wengi husafiri kwa magari makubwa yenye kitanda, jiko na choo humo humo ndani. Hapa kwetu magari ya aina hiyo ni machache. Wengi wetu tuna gari dogo, hema, godoro na mtungi wa gesi wa kilo 6. Hata hivyo safari inawezekana, na inaweza kuwa nzuri sana, mradi ipangwe kufuata mwili wa mtu mzima.

Tuchukue mfano wa kutoka Eldoret hadi Mombasa. Ni karibu kilomita 800. Kijana atakuambia hiyo ni safari ya usiku mmoja, na kwake ni kweli. Lakini ninyi mna magoti, mna presha, na pengine mmoja wenu ana kisukari. Mimi ningeigawa safari hiyo kwa siku tatu. Siku ya kwanza Eldoret hadi Naivasha, kama kilomita 220. Siku ya pili Naivasha hadi Makindu, kama 250. Siku ya tatu Makindu hadi Mombasa, kama 320, na barabara yenyewe inateremka polepole hadi baharini. Ondokeni kukipambazuka, na kufikia saa kumi jioni muwe mmeshafika mtakapolala. Mwenye mtoto wa jicho huona taa za malori zikitawanyika kama jua usoni, na huyo hafai kushika usukani giza likiingia, hata kama ameendesha gari miaka 40 bila ajali.

Sasa niseme jambo ambalo wengi huona haya kulitaja: haja ndogo. Mzee ambaye tezi dume yake imevimba hawezi kukaa saa mbili bila kwenda msalani. Mama aliyezaa watoto sita naye huenda mkojo unamtoka kidogo akikohoa au gari likiruka tuta. Basi wanafanya nini? Tangu jioni ya kabla ya safari hawanywi maji. Asubuhi wanaiacha ile tembe ya presha inayoleta mkojo, wakisema wataimeza wakifika. Halafu wanakaa kitako saa sita mfululizo, miguu imekunjwa, jua limepiga kioo.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu akikaa muda mrefu bila kusogeza miguu, damu hutembea polepole mno katika mishipa ya miguu na inaweza kuganda. Upungufu wa maji mwilini haumsaidii. Bonge hilo la damu likikatika na kusafiri hadi kwenye mapafu, linaweza kuua kwa muda mfupi. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba kusafiri ukiwa umekaa kwa saa 4 au zaidi, iwe ni kwa ndege, basi, gari moshi au gari dogo, huongeza hatari ya kuganda damu karibu mara mbili. Kwa mtu mwenye afya hatari yenyewe bado ni ndogo. Huzidi kwa mtu aliyewahi kuganda damu, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye saratani, au mnene kupita kiasi. Na presha iliyokosa dawa siku nzima haingoji mfike ndipo ipande.

Kwa hiyo, kunyweni maji. Kunyweni kidogo kidogo njia nzima, na msimame kila baada ya saa mbili mkapate kujisaidia. Vituo vya petroli viko vingi kuanzia Eldoret hadi Nakuru, na kutoka Nairobi hadi Mtito Andei. Mbele ya Mtito Andei kuna sehemu ndefu zenye pori na jua kali, kwa hiyo hapo msipite bila kusimama. Kila mkisimama, tembeeni dakika kumi badala ya kurudi moja kwa moja kwenye viti. Yule asiyeendesha, akiwa ndani ya gari, anyanyue visigino na kuvishusha, azungushe vifundo vya miguu, mara kwa mara. Na kama mama amesema, "Baba, simamisha gari," baba asijibu kwamba wamebakisha kidogo wafike. Simamisha.

Kuhusu ile tembe ya mkojo, nendeni kliniki kabla ya safari mkaulize kama inafaa kusogeza saa ya kuimeza siku za barabarani, mimeze mkishafika kambini kwa mfano. Mara nyingi daktari au muuguzi atawapa njia. Kuiacha kwa kujiamulia ndiko kunakoleta balaa.

Wakati mko kliniki, ombeni dawa za kutosha safari yote na juma moja zaidi. Magari huharibika na mvua hukata barabara. Gawanyeni dawa sehemu mbili, nusu katika mkoba wa mama na nusu katika begi la baba, kwa sababu begi likiibiwa stendi au likisahauliwa, msibaki mikono mitupu. Msichanganye tembe katika bahasha moja isiyo na maandishi. Andikeni kwenye karatasi jina la kila dawa, kipimo na saa, na mbebe kadi ya kliniki. Hakikisheni pia kwamba mmesajiliwa na SHA, kwa maana tangu Oktoba 2024 hiyo ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Hospitali za serikali ziko njiani: Nakuru, Naivasha, Makindu, Voi, na hatimaye Coast General pale Mombasa. Andikeni majina hayo nyuma ya ile karatasi.

Anayejidunga insulini asiiache ndani ya gari lililofungwa juani. Gari likiegeshwa Voi saa saba mchana huwa kama tanuri, na insulini iliyopikwa haifanyi kazi hata ikionekana safi. Ifungeni kwa kitambaa chenye unyevu ndani ya chupa ya chai ya mdomo mpana au kikasha cha baridi, wala isigusane na barafu, kwa sababu ikiganda nayo imeharibika. Na ikiwa dereva ndiye mwenye kisukari, hasa anayetumia insulini au tembe kama Daonil, chakula cha mchana kisichelewe. Akianza kutoa jasho jembamba, kutetemeka au kujibu maneno yasiyoeleweka, sukari imeshuka. Asogeze gari kando mara moja, anywe nusu glasi ya soda ya kawaida au vijiko vitatu vya sukari katika maji, kisha apumzike robo saa na kula kitu. Asiendeshe tena mpaka kichwa kitulie kabisa. Mama naye ajue dalili hizi, maana mwenye kuzipata mara nyingi ndiye wa mwisho kuzikubali. Nikumbushe pia kwamba tembe za mafua kama Piriton huleta usingizi. Dereva asizimeze asubuhi ya safari.

Sasa tuje kwenye mahali pa kulala, na hapa ningependa mtumie muda kuliko mnavyoutumia kuchagua nguo. Watu huuliza bei kwanza, na mandhari pili. Ninyi ulizeni choo kiko hatua ngapi kutoka hema. Mtaamka usiku mara mbili au tatu, na mzee wa miaka 70 akijikwaa kwenye kamba ya hema gizani na kuvunjika nyonga, safari imekwisha, na huenda asitembee tena kama zamani. Chagueni kambi yenye choo karibu, njia tambarare na taa. Pigeni hema mchana mkiona mnachokanyaga. Fungeni vitambaa vyeupe kwenye kamba zake, na kila mmoja awe na tochi yake chini ya mto. Ndoo yenye kifuniko ndani ya hema si jambo la aibu. Babu zetu walikuwa na vyombo vya namna hiyo, sijui ni lini sisi tulianza kuona haya.

Naivasha kuna kambi nyingi kando ya ziwa. Kiboko hutoka majini usiku kuja kula nyasi, na huua mtu anayesimama kati yake na maji. Kwa hiyo ulizeni kama kuna ua wa umeme kati ya ziwa na mahema, na ukishaingia giza msivuke ua huo kwa sababu yoyote. Pale ni mita 1,900 hivi juu ya bahari, na usiku baridi huingia kwenye mifupa. Bebeni blanketi nzito na kitu cha kutandika chini ya godoro. Msiingize jiko la makaa ndani ya hema mpate joto, hata lililobaki na kaa moja jekundu. Hewa yake ya sumu haina harufu, na watu hulala wasiamke. Jiko la gesi nalo lipikiwe nje.

Mwenye magoti mabovu ajaribu kwanza nyumbani kulala chini na kuinuka peke yake. Akishindwa, kuna vitanda vya kukunja, au achukue chumba chenye kitanda, wala hakuna aliyemshinda. Makindu kuna hekalu la Masingasinga, karibu na barabara kuu, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likiwapokea wasafiri wa kila dini kwa chakula na malazi bila malipo. Mtu hutoa sadaka kama moyo unavyompeleka. Ukiingia unafunika kichwa na kuvua viatu, na sigara na pombe haviingii. Kwa wazee wawili waliochoka, hapo ni salama kuliko hema porini.

Wale mnaotaka kulala ndani ya mbuga ya Tsavo, kambi za umma za KWS ndizo nafuu kwenu. Zile zinazoitwa maalum hukodishwa kwa kundi moja tu na kwa kawaida hazina maji wala choo. Ni za vijana, tuseme ukweli.

Kuanzia Makindu kushuka, mbu wa malaria nao wamo, na Pwani malaria ni ya mwaka mzima. Aliyekulia Eldoret au Nyandarua hana kinga ya mtu wa Kwale. Laleni ndani ya neti iliyotiwa dawa kila usiku, hata kama mwenyeji anasema hakuna mbu, na mkiwa kliniki ulizeni kama mnahitaji tembe za kuzuia. Homa inaweza kuja juma moja au zaidi baada ya kuumwa, mkiwa mmesharudi nyumbani mnasimulia habari za bahari. Msiseme ni uchovu wa safari. Nendeni mkapimwe damu siku hiyo hiyo, na mmweleze daktari kwamba mlikuwa Pwani. Msipomwambia, huenda asifikirie malaria.

Na ile miguu tuliyoitaja mwanzoni, iangalieni kila jioni, na mwendelee kuiangalia kwa majuma kadhaa baada ya kurudi. Miguu yote miwili ikivimba kidogo na kupungua asubuhi, hilo ni jambo la kawaida la kukaa. Lakini mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukauma na kuwa na joto kwenye shavu la mguu, usikandwe wala kusuguliwa dawa ya misuli. Nendeni hospitali siku hiyo. Na ikiwa mmoja wenu anapata maumivu ya kifua ya ghafla, pumzi inakatika au anakohoa damu, msingoje kukuche. Pigeni 999 au 112, au mwamsheni jirani mwenye gari.

Juma lijalo, saa hizi hizi, tutaongea kuhusu miwani ya kusomea na lini mtu apimwe macho.