Kelele Hii ni ya Nani? Kuitawala Mitandao ya Neva Yenye Vurugu



Mtazameni mama anayetoka kisimani na ndoo kichwani, haishiki kwa mkono. Hashindani nayo. Ikitaka kuegemea kushoto, shingo inajibu kidogo tu, mapema, kabla maji hayajamwagika. Akichelewa, hata mikono miwili haitaiokoa. Jioni hii nazungumzia utawala wa namna hiyo, ila ndoo yangu ni mtandao wa seli za neva.

Vurugu tunayoisema sisi wanahisabati si ovyo. Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa pale MIT, Marekani, alirudia hesabu kwenye kompyuta yake. Badala ya 0.506127 akaandika 0.506, akaenda kunywa kahawa. Aliporudi, hali ya hewa ya pili ilikuwa imeachana kabisa na ya kwanza. Kanuni zilikuwa zilezile. Kilichokua ni ile tofauti ndogo. Mwaka 1988 Sompolinsky, Crisanti na Sommers walionyesha kwamba hata mtandao wa neva uliounganishwa bila mpangilio huingia katika vurugu hiyo, pindi nguvu ya miunganisho inapovuka kiwango fulani.

Je, kitu kama hicho kinatawalika? Mwaka 1990 Ott, Grebogi na Yorke, wa Chuo Kikuu cha Maryland, walijibu kwamba kinatawalika. Ndani ya vurugu mmejificha mizunguko isiyo na idadi, yote isiyotulia. Subiri mfumo upite karibu na mzunguko unaoutaka, kisha uguse kidogo. Mwaka huohuo Pecora na Carroll, wa maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani, walionyesha kwamba mifumo miwili ya vurugu inaweza kwenda sanjari, mmoja ukiuongoza mwingine.

Hapo ndipo kelele inapotibua mambo. Kwenye neva, kelele ni vijilango vya ioni vinavyofunguka na kujifunga vyenyewe, na kemikali ambazo mara humwagwa kwenye sinapsi, mara hazimwagwi. Kelele ikizidi ukubwa wa mguso tulioruhusiwa, mfumo unachoropoka, nasi tunaanza kusubiri upya. Na kila seli ikiwa na kelele yake, baina yao hubaki pengo lisilozibika.

Mhandisi atasema: basi, ichujwe. Mimi nasema tusiharakishe.

Mwaka 1995 Mainen na Sejnowski walichukua kipande cha ubongo wa panya, wakaipa seli moja umeme usiobadilika, tena na tena. Mipigo ya mwanzo ya seli hiyo ililingana, iliyofuata ikatawanyika. Kisha wakaipa umeme wa kupanda na kushuka kiholela, lakini uleule kila mara. Mipigo ikaangukia palepale, kwa usahihi wa chini ya milisekunde 1. Seli moja iliyorudiwa mara nyingi ni sawa na seli nyingi zinazofanana zikisikia kelele moja: kelele ile ndiyo iliyozipanga. Na tangu mwaka 1992 Molgedey, Schuchhardt na Schuster walikuwa wameonyesha katika hesabu kwamba kelele ya kutoka nje inaweza kuizima vurugu ya mtandao mzima. Huzisukuma seli hadi kikomo cha mwitikio wao, ambako tofauti ndogo haipati tena nafasi ya kukua.

Kwa hiyo kelele ya kila mmoja hutenganisha. Kelele ya wote huweza kuunganisha.

Wala kwenda sanjari si heri siku zote. Katika kifafa, seli nyingi mno hupiga kwa pamoja. Ndiyo maana mwaka 1994 Schiff na wenzake, wakifanya kazi kwenye vipande vya hipokampasi, sehemu ya ubongo wa panya, hawakuishia kuipa mipigo utaratibu. Waligeuza mbinu ileile ya kugusa kidogo, wakaivuruga makusudi mipigo iliyofuatana kwa utaratibu uliozidi.

Wanafunzi wangu, mkipewa mtandao wenye kelele, msikimbilie kichujio. Pimeni kwanza kama kelele hiyo ni ya seli moja moja au ni ya zote. Jibu hilo ndilo litakalowaambia mguse wapi, na lini mwache.