Barua Iliyowaudhi Wapokeaji: Kuisoma Yeremia 29 katika Nyakati Zake

Mada iliyowasilishwa kwa wainjilisti na viongozi wa vikundi vya kusoma Biblia



Wale wenzangu tuliosoma bweni kabla ya simu za mkononi tunalikumbuka sanduku la posta la shule. Wanafunzi mia kadhaa, S.L.P. moja. Mwalimu wa zamu anasimama mstarini anaita majina, na majina yakifanana unaweza kukabidhiwa barua, ukaifungua, ukafika katikati ndipo ukagundua kwamba mama anayesemwa kuwa amepona ni mama wa mwenzako. Habari ni njema, tena ni za kweli. Ila kuna mtu mwingine aliyeandikiwa kwanza.

Nimeombwa nizungumzie kusoma Biblia kwa kuzingatia historia yake. Kanuni za jambo hili zimo vitabuni, sitazirudia. Nimeona afadhali tukae na mstari mmoja ambao nadhani kila aliyemo humu amewahi kuuhubiri: Yeremia 29:11, kuhusu mawazo ya amani ambayo Mungu anawawazia watu wake. Upo kwenye kadi za mahafali, kwenye fulana za vijana, nyuma ya daladala. Mimi niliupokea kwenye kadi nilipomaliza kidato cha sita, nami nikaugawa kwa wengine miaka mingi kama pipi. Sikuwa nimeusoma mstari wa 10.

Mstari wa 10 unataja miaka 70.

Turudi nyuma. Mwaka 597 K.K. Nebukadneza aliuteka Yerusalemu. Hatulijui hilo kwa Biblia peke yake: kibao cha udongo cha Wababeli, ambacho leo kimo katika Makumbusho ya Uingereza jijini London, kinataja kutekwa kwa mji wa Yuda siku ya pili ya mwezi Adari, na kwamba mshindi aliweka mfalme wa kumfaa yeye. Huyo ndiye Sedekia. Mfalme kijana Yekonia, ambaye kitabu cha Wafalme kinamwita Yehoyakini, alichukuliwa mateka pamoja na mama yake, wakuu, mafundi na wahunzi. Idadi yao? 2 Wafalme 24 inasema 10,000. Yeremia 52 inasema 3,023. Msifiche tofauti hiyo mkiulizwa na vijana. Waandishi wawili wamehesabu kwa namna mbili, na kijana atakayeigundua peke yake usiku kwenye simu yake atajiuliza kwa nini mchungaji hakumwambia.

Hekalu bado lilikuwa limesimama. Hili ni muhimu sana. Maangamizi makubwa yalikuja miaka kama kumi baadaye. Kwa hiyo tunapofika sura ya 29, kuna watu Babeli ambao mabegi yao, kwa lugha ya leo, hayajafunguliwa. Wana mfalme wao aliye hai uhamishoni, wana hekalu lao nyumbani, na kila msafiri anayefika wanamuuliza: lini?

Na walikuwa na sababu ya kuuliza. Kumbukumbu zile zile za Kibabeli zinaeleza kwamba katika mwaka wa kumi wa Nebukadneza yalizuka maasi nchini kwake mwenyewe, akayazima kwa kuwaua wengi wa jeshi lake. Si muda mrefu baadaye, Yeremia 27 inatuonyesha wajumbe wa Edomu, Moabu, Amoni, Tiro na Sidoni wakiwa Yerusalemu kwa Sedekia. Siasa ilikuwa inachemka. Katika hali hiyo nabii Hanania wa Gibeoni anasimama hekaluni na kutangaza: miaka miwili tu, vyombo vya hekalu vitarudi, Yekonia atarudi, mateka wote watarudi. Halafu anaichukua nira ya mti ambayo Yeremia ameivaa shingoni, ishara kwamba watu wakubali kuitumikia Babeli, na kuivunja mbele ya watu.

Nawaomba tusimcheke Hanania. Alisema kwa jina la Bwana, kama Yeremia. Alikuwa na habari za siku, alikuwa na uzalendo, na bila shaka aliitikiwa kwa vigelegele. Hata Yeremia mwenyewe alimjibu kwanza kwa kusema amina, Mungu na afanye hivyo. Ndugu anayeniambia kwamba Roho anatosha na historia ni mambo ya chuoni, ninamwomba aisome sura ya 28 taratibu. Wahubiri wawili, fomula moja, ujumbe unaopingana.

Sasa ndipo Yeremia anawaandikia mateka barua, ile yenye mstari wetu. Inabebwa na Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia, waliotumwa na Sedekia kwa Nebukadneza. Yaani imesafiri pamoja na ujumbe wa serikali. Inawaambia mateka wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, na wautakie amani mji uliowameza. Kisha miaka 70. Mtu mzima aliyesikia barua hiyo ikisomwa alielewa mara moja: mimi nitazikwa huku. Atakayerudi ni mjukuu.

Kuhusu 70 yenyewe, hesabu haikai sawasawa. Koreshi aliiteka Babeli mwaka 539 K.K., miaka 58 tangu 597. Isaya 23 inaitaja 70 nyingine, ya Tiro, na kuilinganisha na siku za mfalme mmoja. Inaelekea msikilizaji wa kwanza alisikia "umri wa mtu", si tarehe ya kalenda. Sitagombana na anayehesabu kwa namna nyingine.

Hapa lugha yetu inatupa msaada ambao msomaji wa Kiingereza hana. Kwa Kiingereza "wewe" na "ninyi" ni neno moja. Biblia yetu ya Union Version imeandika wazi: ninyi. Ahadi ni ya taifa, si ya mhitimu mmoja mwenye joho. Tena neno amani lililo katika mstari wa 11 ndilo lililo katika mstari wa 7 kuhusu Babeli, kama ilivyo katika Kiebrania, shalom katika sehemu zote mbili. Amani waliyowaziwa mateka ilipitia kwenye amani ya mji wa adui yao. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuliona hilo bila kamusi, halafu anapanda mimbarani na kuligeuza kuwa: wewe ndugu, mwaka huu, kazi yako, gari lako. Hapo tunakuwa tumemvika Hanania kanzu ya Yeremia. Tunahubiri miaka miwili kwa kutumia barua ya miaka 70.

Je, walijenga? Walijenga. Vibao vilivyochimbuliwa Babeli vinataja mafuta aliyopewa mfalme wa Yuda na wanawe watano kutoka ghala la serikali. Na mwaka 2014 vilichapishwa vibao kama 100, baadhi yake vikitoka kijiji kilichoitwa Al-Yahudu, mji wa Yuda. Cha zamani zaidi ni cha 572 K.K. Humo mna watu wenye jina la Mungu wa Israeli ndani ya majina yao, wakilipa kodi, wakilima, wakikopeshana shayiri. (Vibao hivyo vilipitia mikononi mwa wafanyabiashara wa vitu vya kale, hatujui vilitolewa shimo gani, na hilo ni doa.) Havithibitishi unabii. Vinatuonyesha bustani.

Mkimbizi wa Kikongo katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996, huenda akaielewa barua hii haraka kuliko sisi. Anajua gharama ya kupanda mti unaochelewa kuzaa mahali usipopaita kwenu.

Barua ilipata jibu. Shemaya, mmoja wa mateka, aliandika Yerusalemu kwa hasira akitaka kuhani Sefania amfunge Yeremia mkatale, akitaja hasa zile nyumba na zile bustani. Sefania akamsomea Yeremia barua hiyo. Kwa hiyo baada ya chai tutagawanyika vikundi vitatu: kimoja kiwe upande wa Hanania, cha pili kiwe mateka walioipokea barua, cha tatu kiwe Sefania akiwa na malalamiko ya Shemaya mkononi. Someni sura ya 27 hadi 29 yote. Mstari wa 11 naomba mtu asiuguse mpaka kikundi chake kimefika hapo kwa miguu.