Umeongeza Pesa, Mbona Intaneti Bado Inakwama?

(Mazungumzo na wazazi na vijana, Skuta, Nyeri)



Wengi wenu mmenieleza jambo moja. Mlivutiwa faiba nyumbani, baadaye mkaongeza pesa ili mpate kasi zaidi. Pesa zinatoka kila mwezi, lakini kijana akifungua somo, picha inakwama vilevile. Hizo ni pesa za unga na karo. Basi leo tutafute kasi inapotelea wapi.

Fikirini maji. Bomba la barabarani likiongezwa nguvu, na la nyumbani ni lile jembamba la zamani, jikoni mtapata maji yaleyale. Intaneti ni hivyo hivyo: nyongeza inafika mlangoni tu.

Kwanza, zima ruta, ngoja dakika moja, uwashe tena. Wakati mwingine kifurushi kipya hakishiki mpaka ruta ianze upya.

Pili, pima kwa waya. Chomeka kompyuta kwenye ruta, wengine wote waache kutumia, halafu upime. Rudia saa mbili usiku, uandike. Ukipata kasi uliyolipia, usigombane na kampuni; shida iko ndani ya nyumba.

Tatu, angalia ruta imekaa wapi. Nyumba zetu za mawe hula nguvu ya Wi-Fi, na mabati huirudisha. Isifichwe kabatini wala nyuma ya televisheni. Iwe katikati ya nyumba, juu kidogo. Ruta nyingi zina masafa mawili. 2.4 GHz hupenya kuta, lakini ni ya polepole na majirani wamejaa humo. 5 GHz ni ya kasi, ila haipendi kuta.

Nne, kama ulilipia zaidi ya Mbps 100 na kipimo cha waya hakipiti 94 au 95, shuku vifaa. Matundu ya ruta nyingi za zamani mwisho wake ni 100. Hata waya mzuri, uzi mmoja ukikatika ndani, unaweza kushuka hapo.

Tano, tujue hesabu. Biti nane ni baiti moja. Mwenye Mbps 40 akipakua faili ataona megabaiti 5 kwa sekunde. Hapo hujaibiwa.

Na kama kwa waya bado ni kidogo? Peleka tarehe, saa na vipimo kwa kampuni, udai nambari ya malalamiko. Wakikunyamazia, nenda Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Huko watakuuliza kama ulianza na kampuni, kwa hivyo tunza ile nambari.

Vijana, wapimieni wazee wetu bila malipo. Na wazee, msiongeze hata shilingi kabla ya kupima. Kuuliza si ujinga.