Kuogelea na Unene



Sisi watu wa kalamu twaketi kutwa, na matumbo yatutangulia njiani. Dawa mojawapo ni kuogelea. Wakaao Kinondoni wana ufuko wa Coco. Wa Temeke wana Kigamboni jirani. Maji yakitoka hubaki miamba. Ngojeni yajae, ila mawimbi yakiwa makali kaeni nchi kavu. Msiende peke yenu. Ogeleeni sambamba na ufuko, kwenda na kurudi, maji yasipite kifua. Shirika la Afya Duniani lashauri dakika 150 za mazoezi kwa juma: yaani nusu saa, siku 5. Lakini maji hutia njaa, na chapati mbili zaweza kurudisha yote yaliyoyeyushwa kwa nusu saa. Basi mkono upigao maji na uzuiwe sahanini.