Maji Yakipungua, Yamepita Mahali

Maneno ya msimamizi wa karakana ya magari kwa wakazi wa kata, katika mkutano wa hadhara



Nimeombwa nizungumze juu ya magari yanayochemsha katika barabara yetu ya kutoka Mombo hadi Lushoto, ambako kwa kilomita zipatazo 33 gari hupanda karibu mita 1,000. Huenda mtu akasema hayo ni ya mafundi. La hasha. Gari linaloteremsha kabichi asubuhi ndilo hilo hilo tunalolikimbilia usiku tunapouguliwa.

Usiku mmoja niliitwa kulitazama gari la abiria lililokwama njiani likitoa mvuke. Ndani alikuwamo mama aliyeshikwa na uchungu. Kwa rehema za Mungu, lilipita gari jingine, akafikishwa hospitali salama. Nilipomuuliza mwenye gari, alijibu kwamba kwa miezi miwili alikuwa akiongeza lita mbili za maji kila alfajiri, na gari "halikuwa na tatizo". Silinda hedi ilikuwa imepinda. Chanzo chake kilikuwa mpira mmoja wa rejeta uliochakaa na kupata ufa.

Ndugu zangu, injini hainywi maji. Mfumo wa kupoza umefungwa pande zote. Yakipungua, yamepita mahali. Anayeongeza kila siku bila kutafuta yanakokwenda anauficha ugonjwa.

Basi tuanze na dalili. Gari likichemsha limesimama au kwenye foleni, kisha likapoa linapokimbia, tazameni feni: mkanda wake umelegea, au mota yake, fyuzi yake au waya wake una hitilafu. Likichemsha mlimani au kwenye mwendo mrefu, shukuni rejeta iliyoziba kwa kutu na matope, au pampu ya maji iliyochoka. Likichemsha muda mfupi tu baada ya kuwashwa, mpira wa juu ukawa wa moto na wa chini ukabaki baridi, huenda thamostati imekwama ikiwa imefungwa. Mkiona maji chini ya gari, fuateni unyevu hadi kwenye mpira, pampu au rejeta yenyewe. Lakini maji yakipungua bila kudondoka, moshi mweupe mzito ukaendelea kutoka hata injini ikishapata moto, au oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa, gasketi ya silinda hedi imeungua au hedi ina ufa. Hapo msiliendeshe tena, mwiteni fundi.

Msidharau mfuniko wa rejeta. Katika mwinuko wetu, maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi. Mfuniko mzima huyabana maji kwa shinikizo, hata yakavuka nyuzijoto 110 kabla ya kuchemka. Mpira wake ukichakaa, faida hiyo hupotea, na gari zima kwa kila kitu kingine huchemsha. Kubadilisha mfuniko ni gharama ndogo mno kuliko kutengeneza hedi.

Njiani, geji ya joto ikianza kupanda kupita kawaida, zimeni kiyoyozi na mfungue hewa ya moto ya ndani ya gari, kwani huchukua sehemu ya joto la injini. Ikiendelea kupanda, simameni mahali salama na mzime injini. Msifungue mfuniko wakati huo! Maji yaliyobanwa huruka usoni kama mvuke na kumuunguza mtu vibaya. Subirini nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono. Kisha wekeni kitambaa kizito na mfungue polepole. Wala msimwage maji baridi ndani ya injini iliyokauka ikiwa bado ya moto, kwa maana chuma kitapasuka.

Kuna desturi ya kung'oa thamostati ili gari "lipoe". Siishauri. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto linaloifaa. Bila hiyo, injini hufanya kazi ikiwa baridi, hula mafuta mengi na kuchakaa upesi. Iliyoharibika ibadilishwe.

Maji ya mtoni yana matope na chumvi zinazoganda ndani ya rejeta. Yatumike kwa dharura tu. Tumieni kulanti inayotajwa katika kitabu cha gari. Huzuia kutu na hupandisha kiwango cha kuchemka. Lakini ni sumu, na baadhi yake ina ladha tamu. Ihifadhiwe mbali na watoto, na isimwagwe ardhini, mifugo isije ikailamba.

Namwomba kila mwenye gari afanye jambo moja: kila asubuhi, injini ikiwa baridi, atazame kiwango cha maji na sakafu chini ya gari. Ni kazi ya dakika mbili. Na abiria nao wasione haya kumuuliza dereva: "Jana uliongeza maji?" Akijibu ndiyo, aulizwe tena: "Yalikwenda wapi?"